UZI: Umoja peke yake haukuiangusha KANU, tusiwauzie Watanzania shauri hilo

#1 Mkaazi wa Nyalenda

Kila Tanzania inapomaliza uchaguzi, hapa Kisumu husikika shauri lile lile. Chini ya miti, kwenye vibanda vya magazeti, ndani ya matatu za Maseno: "Wapinzani wa Tanzania waungane tu, kama sisi tulivyoiangusha KANU 2002." Oktoba 2025 rais alitangazwa mshindi kwa asilimia 97.66, Tundu Lissu akiwa rumande kwa kesi ya uhaini na chama chake cha upinzani, CHADEMA, kikiwa kimeondolewa kabisa kwenye uchaguzi. Tangu hapo shauri hilo limerudi kwa nguvu. Wanaolitoa wana nia njema. Lakini ni shauri bovu, na linaongeza uchungu kwa watu waliokwisha kuumia, maana linawaambia kwamba kosa ni lao.

Nimeishi Kenya chini ya chama kimoja, KANU, nimeona kikianguka, na nina neno la kusema juu ya namna kilivyoanguka.

Tuanze na takwimu ambazo kila mtu wa rika langu amezikariri. Desemba 1992 Rais Moi wa KANU alipata asilimia 36 hivi. Kwa wapinzani, Matiba akapata 26, Kibaki 19, Jaramogi 17. Zaidi ya asilimia 60 ya wapiga kura walimkataa, na bado akaapishwa. Bungeni KANU ikachukua viti 100 kati ya 188. Mwaka 1997 akapata 40. Kibaki 31, Raila 11, Wamalwa na Ngilu wakipata nane nane hivi. Hesabu hiyo ndiyo msingi wa shauri la kuungana, na hesabu yenyewe ni sahihi. Isichosema ni kwa nini watu wale wale hawakuungana mara mbili, kisha wakaungana mara ya tatu.

FORD, vuguvugu la upinzani, ilianza Agosti 1991 na wazee sita, Jaramogi, Muliro na Shikuku wakiwamo. Mwaka haukuisha sawasawa kabla haijapasuka kuwa FORD-Kenya na FORD-Asili. Masinde Muliro, ambaye wengi waliamini angeweza kuwaketisha Jaramogi na Matiba, alifariki Agosti 1992, katikati ya mpasuko. Watu husema ni tamaa iliyoua FORD. Tamaa ilikuwepo, sikatai. Lakini sheria nayo iliilisha tamaa hiyo: mshindi hakuhitaji nusu ya kura, alihitaji kuwazidi wenzake na kupata asilimia 25 katika mikoa mitano kati ya minane. Duru ya pili ingekuja tu kama hakuna aliyefikisha mikoa hiyo. Kila mmoja mwenye mkoa wake nyuma yake alikuwa na sababu ya kuamini kwamba anaweza kupenya.

Basi 2002 kulibadilika nini? La kwanza, Moi alikuwa anaondoka. Ukomo wa vipindi viwili uliingizwa kwenye katiba mfumo wa vyama vingi uliporudi, na vipindi vyake viwili vilikuwa 1992 na 1997. Kama kifungu hicho kingefutwa, jinsi Uganda ilivyofuta cha kwao 2005, siamini kwamba leo tungekuwa tunasimulia 2002.

La pili ndilo tunalolisahau kwa makusudi. Vijana hawaamini nikiwaambia kwamba mwezi Machi 2002 Kisumu yetu ilikuwa ndani ya KANU. Tarehe 18 Machi, kule Kasarani, NDP, chama cha Raila, ilivunjwa na kumezwa na KANU, na Raila akawa katibu mkuu wa chama cha jogoo. Kisha Moi akamchagua Uhuru Kenyatta kuwa mrithi. Hapo ndipo nyumba ilipowaka moto. Saitoti alifutwa kazi ya umakamu wa rais. Yeye, Raila, Kalonzo na wengine wakatoka, wakakutana na Kibaki, Wamalwa na Ngilu ambao walikuwa wamekwisha kuelewana kwa upande wao. Oktoba 14, Uhuru Park, Raila akatamka "Kibaki tosha". Desemba 27 Kibaki akapata asilimia 62, Uhuru 31.

Kwa hiyo, ndiyo, upinzani uliungana. Ila nusu ya upinzani huo ilikuwa KANU hadi wiki chache kabla ya kura.

Sasa sikilizeni jambo ambalo kwangu ndilo kiini. KANU ilisimama juu ya nguzo mbili. Nguzo moja ni vigogo wa mikoa: kila kabila na mtu wake, kila mtu wake na kiti chake mezani. Nguzo nyingine ni utawala wa mikoa, yaani chifu, afisa wa tarafa (DO), mkuu wa wilaya. Chama chenyewe, kama chama, hakikuwa na uhai mkubwa mashinani. Ofisi ya KANU ya tarafa ilifunguliwa msimu wa uchaguzi. Kadi ziliuzwa na chifu, na miaka ya themanini ulikuwa huna amani sokoni au stendi ya magari ukikosa kuwa nayo. Mlolongo wa 1988, ule wa kupanga foleni nyuma ya mgombea, ulisimamiwa na watu wa serikali, na matokeo yalisomwa kinyume na foleni ambazo kila mtu alikuwa ameziona kwa macho yake.

Chama cha namna hiyo, kigogo akitoka, anatoka na mkoa wake. Na mkuu wa wilaya akiona bwana mkubwa anastaafu, hajui nani atakuwa bosi wake Januari, mkono wake unalegea. KANU ilianguka kwa sababu ilikuwa mkusanyiko wa watu, na watu waliondoka.

CCM, chama tawala cha Tanzania, imejengwa kwa namna nyingine kabisa. Tangu siku za TANU wana mfumo wa nyumba kumi kumi, na balozi wa nyumba kumi anamjua kila mtu anayelala kwenye nyumba hizo. Juu yake kuna tawi, kata, wilaya, mkoa. Chama kilipozaliwa Februari 5, 1977 kwa kuunganisha TANU ya bara na ASP ya Zanzibar, kilirithi mtandao huo wote. Vyama vingi viliporuhusiwa 1992 haukubomolewa. Tena kumbukeni jinsi vilivyoruhusiwa: Tume ya Nyalali ilikuta kama asilimia 80 ya waliotoa maoni wanataka chama kimoja kiendelee, na ikapendekeza vyama vingi hata hivyo. Huku kwetu watu walipigwa virungu Kamukunji na kuwekwa kizuizini ndipo kifungu cha 2A, kilicholazimisha chama kimoja, kikaondolewa. Kule mlango ulifunguliwa kutoka ndani, na mwenye nyumba akabaki na funguo zote.

Mkitaka ushahidi, tazameni 2015. Kila kitu tunachowashauri Watanzania walikifanya mwaka ule. Rais aliyekuwepo, Kikwete, alikuwa anamaliza vipindi vyake. Kigogo wa CCM, Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani, alikatwa jina Dodoma akahamia CHADEMA. Vyama vinne vilikuwa vimeungana kwa jina la UKAWA na vikamsimamisha yeye. Mgombea mmoja, mwenye jina kubwa, mwenye fedha, aliyetoka ndani ya chama tawala. Hiyo ni 2002 yetu, karibu nzima.

Matokeo yalikuwa Magufuli 58, Lowassa 40. Ndiyo matokeo makubwa kuliko yote ambayo mpinzani amewahi kutangaziwa katika urais wa kule, na bado hayakutosha. Lowassa alitoka CCM, lakini matawi hayakutoka naye. Balozi wa nyumba kumi alibaki pale pale. Na katiba yao haimruhusu mtu kupinga matokeo ya urais mahakamani yakishatangazwa na tume ambayo viongozi wake huteuliwa na rais.

Tena huo umoja uliwagharimu. Dk. Slaa aliyekuwa katibu mkuu wa CHADEMA aliondoka kwa sababu ya Lowassa. Lipumba akajiuzulu uenyekiti wa CUF, mojawapo ya vyama vya UKAWA, kisha akarudi na chama kikapasuka. Lowassa mwenyewe akarejea CCM 2019. Kumkaribisha kigogo ni kukaribisha pia mlango atakaotokea.

Kuna Botswana, ambayo watu hunirushia kila nikisema haya. Chama cha BDP kilitawala tangu 1966 na Oktoba 2024 kikabaki na viti vinne tu. Duma Boko akawa rais. Ni kweli na ni jambo la kufurahisha. Lakini pale kura zilikuwa zikihesabiwa kwa uaminifu miaka yote, rais wa zamani Ian Khama alikuwa ametoka na kundi lake, soko la almasi lilikuwa limeanguka na vijana hawana kazi. BDP ilipata kama asilimia 30 ya kura. Mfumo wa majimbo ndio uliogeuza hiyo asilimia 30 kuwa viti vinne. Hata hivyo upinzani haukuwa umeungana wote, chama cha BCP kilisimama peke yake kikapata viti 15.

Kwa hiyo mtu akiniuliza upinzani una nafasi gani mbele ya chama kilichotawala miaka 50 au 60, mimi huuliza maswali mawili kwanza. Chama hicho kimesimama juu ya nini? Na wapinzani wanaishi wapi miaka minne ambayo si ya uchaguzi?

Hilo la pili hapa kwetu lilijibiwa na makanisa. Kabla ya 1991 hapakuwa na chama cha upinzani, lakini palikuwa na Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini, hapa hapa Kisumu, akisema wazi madhabahuni kwamba mlolongo ni dhuluma. Palikuwa na Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki kule Nakuru. Palikuwa na Muge Eldoret, aliyefariki barabarani Agosti 1990 akitoka Busia, baada ya waziri kumtisha hadharani kwamba akikanyaga huko hatarudi hai. Mtu wa kijijini ambaye hangeweza kuhudhuria mkutano wa siasa aliweza kwenda ibada ya Jumapili. Zambia kazi hiyo ilifanywa na vyama vya wafanyakazi. Chiluba alitoka kwenye uongozi wa wafanyakazi moja kwa moja hadi kumshinda Kaunda 1991, kwa sababu kila mgodi ulikuwa tayari na tawi.

Nawaachia nafasi. Karibuni.

#2 Dereva Kondele

Jaduong' (mzee wetu), nimesoma yote. Ila unatukatisha tamaa. Kama kuungana si dawa, dawa ni nini?

#3 Mwalimu wa Molo

Mkaazi, nakushukuru, lakini umeandika kama mtu wa Kisumu. Mimi niko Kaunti ya Nakuru na historia hiyo huku ina kurasa ambazo umezipita haraka.

Mnapozungumza juu ya asilimia 36 ya Moi, sisi tunakumbuka kwamba kabla ya kura kupigwa kuna watu walikuwa wamekwisha kuondolewa kwenye vituo vyao. Vita vya kikabila vilianza Meteitei, Nandi, Oktoba 1991, vikafika Molo, Olenguruone na Burnt Forest 1992. Bonde la Ufa lilitangazwa kuwa himaya ya KANU. Ukiitwa mtu wa upinzani ilikuwa na maana kwamba shamba lako si lako. Watu walilala kwenye viwanja vya kanisa, na kadi za kura zikateketea ndani ya nyumba. Askofu Ndingi uliyemtaja alisimama akasema waziwazi kwamba serikali inajua. Ndiyo maana watu wa huku, Wakatoliki na wasio Wakatoliki, wanamheshimu mpaka leo.

Nalisema hili kwa sababu chama kilichokaa sana madarakani hakingoji sanduku la kura. Kinachagua wapiga kura wake mapema. Mwaka 1992 ilikuwa moto. Tanzania ni kalamu: 2019, uchaguzi wa serikali za mitaa, wagombea wa upinzani waliondolewa kwa wingi kwa sababu ya makosa ya kujaza fomu, mpaka CHADEMA ikajitoa. Hao wenyeviti wa mitaa na vitongoji waliopita bila kupingwa ndio waliokuwepo chini wakati wa uchaguzi mkuu wa 2020. Sasa muungano wa wakubwa kule Dar es Salaam ungesaidia nini, ikiwa kijijini hakuna hata mgombea mmoja?

#4 Mkaazi wa Nyalenda

Mwalimu, umesema kweli na ninalipokea. Hilo la 2019 ni zito kuliko yote niliyoandika juu ya 2015. Uchaguzi wa mtaa haupigiwi picha, magazeti hayaandiki sana, na ndio unaoamua nani atakayekuwa na muhuri mkononi miaka mitano ijayo.

#5 Jirani wa Musoma

Habari za jioni wakuu. Mimi ni Mtanzania, naleta dagaa Kibuye kupitia Sirare, kwa hiyo kwenu ni kama nyumbani. Nimefurahi kuona mtu anatuzungumzia bila kutucheka.

Naongeza mawili. La kwanza, huyo balozi wa nyumba kumi msimwone kama shushushu tu. Ukifiwa ndiye anapita kuchangisha. Ukitaka barua ya utambulisho upate mkopo au line ya simu, watu wanaanza kwake kabla hawajaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Bibi yangu anaipigia CCM kura kwa sababu ya huyo balozi, wala si kwa sababu ya rais. Mpinzani anakuja kijijini kwetu kila baada ya miaka mitano na gari lenye spika.

La pili, mikutano ya hadhara ilizuiwa 2016 ikaruhusiwa tena Januari 2023. Karibu miaka saba chama hakiwezi kusimama kwenye kiwanja kikasema habari za asubuhi. Chama kinachozuiwa kuongea miaka saba kinapoteza kizazi kizima cha makada. Vijana waliokuwa na miaka 15 wakati ule leo ni watu wazima. Ndio hao walioingia barabarani Oktoba 29, 2025, siku ya kura, na wengi wao hawana kadi ya chama chochote. Intaneti ikazimwa, kilichotokea mnakijua. Sina zaidi ya kusema juu ya siku ile.

#6 Binti wa Bungoma

Pole sana kaka, wewe na wenzako wote.

Mimi nataka kuuliza upande wetu huu wa magharibi. Mkaazi anasema kigogo akitoka anatoka na mkoa wake. Mbona Mudavadi? Novemba 2002 Moi alimfanya makamu wa rais. Kigogo alibaki KANU, tena na cheo kikubwa. Desemba hata kiti chake cha ubunge cha Sabatia kikamponyoka. Watu walihama, yeye akabaki. Na Wamalwa wetu aliyekuwa na FORD-Kenya na simba wake ndiye akawa makamu wa rais. Kwa hiyo wananchi nao wana akili yao, si mizigo ya kubebwa na vigogo.

Halafu swali gumu zaidi. NARC, muungano ule wa Kibaki na Raila, iliingia, kisha? Ile hati ya makubaliano haikuheshimiwa, 2005 wakapigana kwenye kura ya maoni ya katiba, ile ya ndizi na chungwa, na machafuko ya uchaguzi wa 2007 mnayajua. FORD-Kenya iliyokuwa na wabunge 31 mwaka 1992 leo ni chama cha kaunti mbili tatu. Tuliitoa KANU, lakini je, tulijenga upinzani? Leo ODM, chama cha Raila, iko serikalini tangu 2024, mkataba ukatiwa saini Machi 2025, na tangu Baba, yaani Raila, atutoke Oktoba 2025, wenyewe kwa wenyewe wanavutana kama wabaki ndani au watoke. Nani anabaki kumwambia anayetawala kwamba amekosea?

#7 Mkaazi wa Nyalenda

Dada, Sabatia ni jibu zuri kwa hoja yangu na sitaizunguka. Mwaka ule upepo uliwapita vigogo wengine. Watu walikuwa wamechoka kwa njia ambayo hakuna kigogo angeweza kuizuia. Lakini walikuwa na pa kwenda, na hapo ndipo narudi kwa swali la Dereva Kondele, dawa ni nini.

Mwaka 1997 nilikuwa wakala wa chama, kijana tu. Kura zikiisha kupigwa, masanduku yanafungwa lakiri, yanapakiwa kwenye gari, yanapelekwa ukumbi wa kuhesabia. Kati ya kituo na ukumbi kuna giza na kona. Wakala aliyebanwa nafasi kwenye gari hajui kilichotokea njiani. Mwaka 2002 utaratibu ulibadilika, kura zikahesabiwa pale pale kituoni. Nilikuwa kwenye darasa la shule ya msingi hapa mjini, madawati yamesukumwa pamoja, karabai imetundikwa kwenye boriti. Msimamizi akainua karatasi moja moja, akaigeuza kila upande ione mwanga, akasoma jina, na sisi mawakala tukachora vijiti kwenye daftari, vinne wima na cha tano kikikata. Wakala wa KANU na mimi tulikuwa tukilinganisha daftari kila baada ya karatasi hamsini. Tulipotofautiana kwa moja, tukarudia zote. Usiku wa manane alikuwa bado hajaletewa chochote na chama chake, tukagawana chapati zangu. Alfajiri tukatia saini, nami nikatoka na nakala mfukoni.

Kila nikisikia mtu anasema ushindi wa 2002 ulipatikana Uhuru Park, nafikiria madarasa yale. Uhuru Park ilitupa jina moja. Lile jina lilihitaji watu wawili katika kila chumba, waliokula, wanaojua kusoma sheria, wasionunulika, ambao wataandika idadi na kuibeba hadi asubuhi. NARC iliweza kwa sababu ilirithi watu wa DP ya Kibaki, wa FORD-Kenya, wa NDP ya zamani, ambao walikuwa wamefanya kazi hiyo na kushindwa mara mbili. Walikuwa wamefunzwa na kushindwa.

Ndiyo maana matokeo ya kituo yamekuwa uwanja wa vita tangu hapo. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ilisema kwamba matokeo yaliyotangazwa jimboni ni ya mwisho, makao makuu hayawezi kuyabadilisha. Septemba 1 mwaka huo huo Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa rais. Mwaka 2022 fomu 34A, zile za matokeo ya kila kituo, za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa mtandaoni, mtu yeyote mwenye simu akaweza kujumlisha. Ulalamike utakavyo juu ya aliyetangazwa, lakini ulikuwa na karatasi ya kulalamikia. Mtanzania hana mahakama ya kuipelekea karatasi kama hiyo ya urais. Kwa hiyo, Dereva, kama ningeruhusiwa kuwaombea majirani zetu kitu kimoja, singeomba muungano. Ningeomba matokeo ya kila kituo yabandikwe na yapingike mahakamani. Muungano utakuja wenyewe siku watu wakiona kwamba kura inaweza kushinda. Watu hawaungani kwa ajili ya mchezo ambao wanajua mwamuzi wake.

Juu ya ODM, dada, nitasema kwa uzito maana nimeizika sauti yangu humo miaka mingi. Kisumu imekuwa upinzani tangu 1966, Jaramogi alipotoka KANU kuunda KPU. Katiba ilibadilishwa mbio mbio ili waliohama wakagombee upya, viti 29 vikapigiwa kura, KPU ikapata tisa. Oktoba 1969 watu wetu walipigwa risasi siku ya kufungua hospitali kubwa, na siku chache baadaye chama kikapigwa marufuku. Tulilipa kwa barabara, kwa viwanda, kwa kiwanda cha molasi kilichokaa mahame miaka mingi, kwa vijana. Kwa hiyo simlaumu mama wa Kibuye anayesema safari hii tukae ndani tupate chochote. Ana haki ya kuchoka.

Lakini nakataa jambo moja. Nakataa kwamba chama kizima kiingie serikalini kwa uamuzi wa watu wachache mezani, kisha tukiuliza tuambiwe tunasaliti. NDP iliingia KANU hivyo hivyo 2002, na ilivunjwa hivyo hivyo, wajumbe wakapiga makofi. Kilichotuokoa ni kwamba Moi alikosea mrithi. Hatuwezi kupanga siasa ya wajukuu wetu kwa kungoja rais mwingine akosee.

Na tangu 2002 Kenya haina chama kinachodumu madarakani. PNU iko wapi? TNA? Jubilee? Kila rais anakuja na chama chake na anaondoka nacho. Kinachodumu ni Ikulu yenyewe. Kila anayeingia hapo anapata mkono mrefu wa kuwavuta walioshindwa, na walioshindwa hawana sababu ya kukaa nje, kwa sababu nje hakuna chama, kuna mtu na wafuasi wake. Tanzania ina chama tawala kilicho na mizizi mno. Sisi tuna vyama visivyo na mizizi hata kidogo.

#8 Mwalimu wa Molo

Kuhusu mizizi: sheria ya vyama ya 2011 inataka chama kiwe na wanachama wasiopungua 1,000 katika zaidi ya nusu ya kaunti. Mwaka 2021 watu waliangalia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, wakajikuta wamesajiliwa kwenye vyama wasivyovijua. Mimi nilijikuta kwenye kimoja ambacho sijawahi kuona hata ofisi yake. Hiyo ndiyo orodha ya mashina tunayojivunia.

#9 Jirani wa Musoma

Mkaazi, hiyo ya kubandika matokeo na kwenda mahakamani ni madai ya Katiba mpya, na sisi tunaidai tangu enzi za rasimu ya Jaji Warioba. CHADEMA ilisema bila mageuzi hakuna uchaguzi, ikafungiwa nje. Ukiingia unahalalisha, ukikaa nje unafutwa. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

#10 Mkaazi wa Nyalenda

Ndugu yangu, singekaa Kisumu kwenye usalama wangu nikakupangia hatari ya kwako. Ninachoweza kukuambia ni kile tulichofanya tulipofungiwa kila kitu. Kati ya 1969 na 1991 hatukuwa na chama. Tulikuwa na vyama vya ushirika, vikundi vya mazishi, kwaya, umoja wa wazazi wa shule. Mtu aliyeaminiwa kutunza fedha za mazishi bila kuiba shilingi ndiye tuliyempa orodha ya mawakala 1992. Umesema mwenyewe kwamba balozi wa CCM anapendwa kwa sababu anapita ukifiwa. Basi mtu wa upinzani kule kijijini na apite pia, mwaka ambao si wa uchaguzi, bila fulana na bila spika. Hilo hakuna msajili wa vyama anayeweza kulifuta. Sisemi litatosha.

Na kwetu sisi, uchaguzi ni Agosti 10, 2027. Naomba kila mmoja aliyesoma mpaka hapa afanye jambo moja wiki hii: aende ofisi ya chama chake ya wadi, kama ipo, aombe kuona daftari la wanachama na aulize uchaguzi wa mwisho wa tawi ulifanyika lini, nani alishinda, nani alishindwa. Kisha aandike hapa chama, wadi na jibu alilopewa. Mimi naanza na Nyalenda B. Ofisi ipo, ina bango, na nimeambiwa daftari liko Nairobi.